Mtoto Akichagua Mlango

Mazungumzo ya leo ni ya wenye watoto, wenye wajukuu, na mashangazi na wajomba wanaoachiwa watoto siku za mwisho wa wiki. Nataka tuzungumze juu ya mchezo usiohitaji umeme, wala bando, wala uwanja. Unachezwa kwa mdomo, penseli, daftari na dadu. Watu wanaizunguka meza, au wanakaa mkekani. Mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anakuwa na mhusika wake ndani ya hadithi. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo unaonekana moshi. Kisha ananyamaza. Wachezaji ndio wanaosema kinachofuata. Mmoja anatafuta mtumbwi. Mwingine anapanda mti auchungulie ule moshi. Pale ambapo jambo linaweza kufanikiwa au kushindikana, dadu inarushwa, na hadithi inashika njia iliyoonyeshwa na dadu.

Mchezo huu, kwa sura yake ya leo, ulianzia Marekani. Wa kwanza kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, na mpaka leo ndio unaojulikana zaidi. Katika filamu utauona ukichezwa na vijana wa kiume ndani ya chumba cha chini ya nyumba, wazazi hawapo. Picha hiyo imewafanya wazazi wengi waamini kwamba hauwahusu. Historia yake inasema vingine, na naomba niisimulie bila haraka, kwa sababu hoja yangu yote ya leo imo humo.

Gary Gygax alikuwa mkazi wa Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa akifanya kazi ya bima Chicago, na mwaka 1970 akaipoteza. Nyumbani ana mke na watoto watano. Akashika kazi ya kutengeneza viatu, palepale nyumbani, na muda uliobaki akiandika kanuni za michezo ya vita vya kale, ile ya kupanga wanajeshi wadogo wa sanamu juu ya meza. Mwaka 1972 akatembelewa na kijana kutoka Minnesota, Dave Arneson, aliyekuja na jambo jipya: katika mchezo wake mtu haongozi jeshi, anaongoza mtu mmoja tu, mwenye jina lake, anayeingia chini ya ngome yenye giza bila kujua atakutana na nini. Gygax alivutiwa sana. Akachora ngome yake mwenyewe, akaandika kanuni za mwanzo, kisha akatafuta watu wa kuujaribu mchezo.

Waliokaa mezani mara ile ya kwanza walikuwa wanawe wawili wakubwa, Ernie na Elise. Ernie alimpa mhusika wake jina la Tenser, na Elise akamwita wake Ahlissa. Walishuka ngomeni, wakakutana na tandu wakubwa ajabu, au labda ilikuwa nge. Baba mwenyewe alipokuja kusimulia miaka mingi baadaye hakuwa na hakika. Walipowashinda, wakakuta sanduku la hazina. Ndani mna sarafu 3,000 za shaba. Sanduku likawa zito, hawakuweza kulibeba, na watoto wakasikitika sana. Usiku ukaingia, watoto wakaenda kulala, na baba, badala ya kulala, akaketi kuchora ngazi ya pili ya ngome ile. Marafiki zake watu wazima walijiunga baadaye, mchezo ulipochezwa tena. Hata jina la mchezo, kwa maelezo ya Gygax, lilichaguliwa na binti yake mdogo, Cindy, kutoka katika orodha ya majina ambayo baba alimsomea.

Nakala 1,000 za kwanza, zilizouzwa dola 10 kila moja, hazikumaliza mwaka.

Sasa turudi kwenye lile sanduku. Baba yule angeweza kabisa kulifanya jepesi. Yeye ndiye msimulizi, sarafu ni za maneno matupu, na watoto wake wanasikitika mbele ya macho yake. Aliliacha zito. Shaba elfu tatu ni mzigo, na mnaoubeba ni wawili, basi fikirini. Hapo ndipo ninapouona utu wa mchezo huu. Mtu mzima anamuuliza mtoto aamue, mtoto anaamua, na uamuzi wake unaheshimiwa kiasi cha kuachwa uzae matokeo yake, matamu au machungu.

Niseme wazi ninavyoamini. Katika nyumba zetu mtoto anaambiwa mengi na anaulizwa machache. Na anapoulizwa, mara nyingi jibu lake halibadilishi kitu. Tunamuuliza atakuwa nani akikua, anajibu, tunacheka kwa upendo, tunaendelea na mazungumzo yetu. Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Chakula, ada, sare, saa ya kulala, mambo hayo hayawezi kuamuliwa na mtoto wa miaka saba. Lakini mtu hujifunza kuamua kwa kuamua. Tunahitaji mahali ambapo mtoto anaweza kukosea jambo kubwa bila kuumia, na mkubwa aliye karibu naye akalichukulia kosa lile kwa uzito wote. Mahali hapo ni ndani ya hadithi.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Mtoto wa Kiswahili anazaliwa katika hadithi inayodai aitikie. Paukwa, pakawa. Hadithi, hadithi, hadithi njoo. Mtambaji hawezi hata kuanza mpaka wasikilizaji wakubali. Na mchana kutwa watoto wanacheza baba na mama, wanapika mchanga, wanakuwa madaktari, wanakuwa makondakta, bila kufundishwa na mtu. Ila hadithi ya bibi inajulikana mwisho wake, na hata mtoto akimhurumia Fisi kiasi gani hawezi kumwokoa. Na mchezo wa baba na mama kwa kawaida sisi wakubwa hatumo. Mchezo ninaoueleza unafungua ile hadithi katikati, unamwambia mtoto: ingia, umwokoe Fisi ukiweza, nami nipo.

Nieleze basi namna ya kuuanza, kwa mzazi ambaye hajawahi kuuona.

Msinunue kitu kwanza. Chukueni daftari na dadu moja ya kawaida, ile ya ludo. Kila mtoto aandike, au aandikiwe, mambo manne: jina la mhusika wake, kitu kimoja anachokiweza sana, kitu kimoja kinachomwogopesha, na kitu kimoja alicho nacho mfukoni. Msipuuze mambo mawili ya mwisho. Mtoto akisema mhusika wake anaogopa giza, mmepata nusu ya hadithi, na huenda pia mmeambiwa jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kanuni iwe moja. Jambo likiwa na shaka, rusheni dadu. Tano au sita, limefanikiwa. Tatu au nne, limefanikiwa lakini kuna gharama: mlango umefunguka, ila umepiga kelele. Moja au mbili, limeshindikana na tatizo jipya limezuka. Kama ni lile jambo ambalo mhusika analiweza sana, anaongeza moja. Hizo ndizo kanuni zote mnazohitaji kwa miezi ya mwanzo.

Hadithi itoke wapi? Mjini kwenu. Mimi nyumbani nimeipenda sana Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331, mwaka ambao msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika kwa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Sultani huyo alisifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Kasri la Husuni Kubwa linalonasibishwa naye magofu yake yapo mpaka leo, juu ya mwamba mbele ya bahari: vyumba zaidi ya mia moja vya mawe ya matumbawe, na katikati yake birika la pande nane. Niambie, ni mtoto gani atakayekataa kuingia humo usiku? Historia imekupa jengo, imekupa mfalme, imekupa mgeni mashuhuri. Hata muda wa mwisho imekupa, kwa sababu majahazi ya zamani yaliondoka kuelekea Uarabuni kwa upepo wa kusi, na kusi haimngoji mtu. Kinachobaki ni kutunga tatizo. Langu lilikuwa hili: daftari la msafiri limepotea ndani ya kasri, jahazi linaondoka alfajiri, na wanaoombwa kulitafuta ni vijana wawili wanaojifunza ubaharia.

Basi wahusika wamefika kwenye birika. Taa moja inawaka. Mlinzi amesinzia na mkuki mapajani. Nikawauliza wanangu wanafanya nini, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshaandaa njia mbili, kunyata au kupita paani. Binti akasema, "Baba, mimi namwamsha." Kaka yake akashtuka. "Namwamsha, nampa shikamoo, namwambia tumepotea, na mdogo wangu anaogopa giza." Akarusha dadu, ikatoka tano. Mlinzi akaamka, akaitikia marahaba, akauliza wameshakula. Mlinzi yule sikumpangia jina. Kwa muda mfupi akawa mtu mkubwa kuliko wote katika hadithi yetu, mwenye mke aliyeko Songo Mnara na mguu unaomsumbua wakati wa baridi, kwa sababu mtoto aliamua kumsalimia badala ya kumkimbia.

Wazazi wengi watakwama hapo, na nataka nikae juu yake kidogo. Utashawishika kumvuta mtoto arudi kwenye njia uliyoiandaa. Utasema, una hakika? Utasema, hebu fikiri tena. Utamfanya mlinzi awe mkali ili watoto wapite paani kama ulivyotaka. Usifanye hivyo. Mtoto anagundua upesi sana kwamba swali ulilomuuliza halikuwa swali. Akigundua, ataanza kukutazama usoni kutafuta jibu linalokupendeza, na hapo mchezo umekwisha, umebaki mtihani. Jiandalie mahali, watu na tatizo. Usiandae suluhisho. Suluhisho ni kazi yao.

Kuna mambo mengine madogo nitayapitia haraka. Watoto wa miaka minne au mitano nusu saa inawatosha; wakubwa zaidi watakwenda saa nzima na watalia ukisimamisha. Kaka mkubwa akiwa mwepesi wa kuamua kwa niaba ya wote, pangeni zamu, na zamu ya mdogo iheshimiwe hata akichukua muda kufikiri. Mhusika wa mtoto mdogo asife. Atekwe, apotee, aporwe viatu, hayo yanatosha kumuumiza moyo kwa kiasi kinachofaa. Na usione haya kubadilisha sauti. Bibi yako hakuona haya.

Mkitaka kusonga mbele, ipo michezo iliyoandikwa mahsusi kwa watoto. Hero Kids ya Justin Halliday, iliyotoka mwaka 2012, ni ya umri wa miaka minne hadi kumi na inatumia dadu ya kawaida. Amazing Tales ya Martin Lloyd ina ubunifu ninaoupenda zaidi: mtoto anachagua mambo manne ambayo mhusika wake anayaweza, na kila moja analipa dadu yake, yenye pande 6, 8, 10 au 12, kubwa zaidi ikienda kwa lile analoliweza kuliko yote. Akipata moja au mbili ameshindwa. Tatu na kuendelea amefaulu. Mtoto wa darasa la pili atakuja kuuona kwa macho yake ukweli ambao darasani utamfikia baadaye sana, kwamba kwa dadu ya pande 6 anashindwa mara moja katika kila tatu, na kwa ile ya pande 12 anashindwa mara moja katika kila sita. Hakuna aliyemfundisha. Amechoka tu kuanguka mtini na ile dadu ndogo. Na Dungeons & Dragons yenyewe, kwa watoto wakubwa, kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti; tangu Januari 2023 kampuni inayoumiliki, Wizards of the Coast, imeziachia rasmi zitumiwe na mtu yeyote. Zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini anayepaswa kuzisoma ni mzazi. Watoto watacheza kwa Kiswahili, au Kimakonde, au Kisukuma, lugha yoyote ya nyumba ile.

Hili la lugha nawaambia hasa ndugu zetu wanaotusikiliza kutoka ughaibuni, Minneapolis, Oslo, Leicester, ambao watoto wao wanakisikia Kiswahili lakini wanajibu kwa lugha ya shuleni. Katika mchezo huu jambo halitokei mpaka litamkwe. Wekeni sharti kwamba watu wa Kilwa wanaelewa Kiswahili tu. Mtoto anayetaka mtumbwi atalitafuta neno la mtumbwi, na atalipata.

Sasa hofu. Najua barua na simu zitakuja, na hofu hizi si za kudharauliwa.

Ya kwanza ni dadu. Zipo nyumba ambazo dadu haiingii kabisa kwa sababu za dini, hata pasipo kamari, na wapo wanazuoni wanaolishikilia hilo kwa nguvu. Siwezi kumfundisha mtu dini yake redioni. Ninaloweza kusema ni kwamba mchezo hautegemei dadu. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni ya Gygax yenyewe ilitia ndani ya maboksi vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, watu wachomoe kwenye kikombe. Na wapo wanaocheza bila bahati yoyote: msimulizi anapima maelezo ya mtoto, kama yana akili, jambo linafaulu.

Ya pili ni mapepo na uchawi. Marekani ilipita katika hofu hiyo hiyo. Miaka ya 1980 palikuwa na makanisa na vyama vya wazazi waliosema mchezo huu unawaingiza vijana katika ushetani na kuwafanya wajiue. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliunda chama kizima cha kuupinga. Watafiti walilichunguza jambo hilo na hawakupata ushahidi kwamba mchezo unawaua watoto. Uchungu wa mama yule ulikuwa wa kweli, na sitauchezea. Lakini nasema hivi: hadithi ni yako. Usipotaka majini, hamna majini. Usipotaka mchawi, weka mwizi wa mashua, au ukame, au daraja lililovunjika. Hofu ninayoiunga mkono ni moja tu, ya mtoto kucheza na watu wazima usiowajua. Dawa yake ni wewe kukaa mezani.

Wapo watakaouliza masomo yatakuwaje. Nchini Denmark, mjini Hobro, ipo shule ya bweni iitwayo Østerskov Efterskole, iliyofunguliwa mwaka 2006, inayofundisha masomo ya kawaida kupitia michezo ya kuigiza wahusika. Siombi shule zetu zifanye hivyo kesho. Naomba tu usiku wa Jumamosi.

Jambo la mwisho. Mtakapokuwa mmecheza kwa muda, mtoto mmoja ataomba yeye awe msimulizi. Akiomba, mpe kiti siku hiyo hiyo. Wewe sasa uwe na mhusika, jina, kitu unachokiogopa na kitu mfukoni. Atakuingiza katika ngome aliyoichora mwenyewe, yenye milango mitano isiyo na maana yoyote kwako, na atakuuliza unachagua upi. Sikiliza vizuri anavyowasemesha watu wa hadithi yake: mwalimu anasemaje, baba anasemaje, tajiri anasemaje na maskini. Utajua mwanao anatuonaje sisi wakubwa, na hutahitaji kumhoji.

Ombi langu ni kwa akina baba hasa. Mama wa nyumba zetu tayari wanabeba hadithi, kazi za shule na homa za usiku. Gygax alikuwa baba aliyepoteza kazi, fundi viatu, mwenye watoto watano, na alipata saa ya kukaa na wanawe mezani. Baba unayenisikia, tafuta daftari na penseli, chora kasri moja, na Jumamosi hii waite watoto. Nusu saa inatosha kuanza.